Uso wa mpwa wangu na karanga za shilingi mia mbili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu, na naomba radhi mapema kwa urefu wa barua. Mimi ni mkalimani wa mahakama mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kutwa nzima nasema maneno ya watu wengine bila kuongeza wala kupunguza. Nikipata nafasi ya kusema yangu, huwa sijui kufupisha.

Kila asubuhi binti wa kaka yangu hunitumia kurasa za mbele za magazeti ya nyumbani kwa WhatsApp, nami huzisoma ndani ya treni nikienda kazini. Jumatano iliyopita ukurasa wenu ulikuwa na picha ya vijana sita walioketishwa sakafuni, miguu wameinyoosha, mbele yao televisheni tatu, mtungi wa gesi na panga moja. Nyuma yao inaonekana miguu ya askari kuanzia magotini kushuka chini, viatu vinang'aa. Kichwa cha habari kwa herufi nyekundu: "Majambazi sugu mbaroni". Kisha majina, matatu matatu kama kwenye cheti, umri kwenye mabano, mkazi wa wapi, na wawili mmewawekea hadi majina ya utani, asije mtu akawakosea. Nilisoma habari yote hadi mstari wa mwisho kabisa, ambako mwandishi anasema watuhumiwa watafikishwa mahakamani upelelezi utakapokamilika.

Kichwa kimeshahukumu, mkia unasema upelelezi bado.

Vijana hao sita siwajui, na inawezekana kabisa televisheni hizo waliziiba. Ila nilipoiona picha nilishuka kituo kisicho changu, nikakaa kwenye benchi hadi treni mbili zikapita. Nitakueleza kwa nini.

Mtoto wa dada yangu mkubwa ni fundi simu. Jina lake silitaji, limeshatajwa vya kutosha. Mji nao siutaji, wala gazeti. Niseme tu kwamba si lenu. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, meza moja, kioo cha kukuzia, na droo ambamo kila simu ya mteja ilibandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Siku moja akaletewa kompyuta mpakato iliyogoma kuwaka, mteja akaacha elfu tano ya kutangulizia. Kesho yake askari wakaja, wakaikuta mezani. Kumbe ya wizi. Aliyeileta hakuonekana tena.

Siku ya nne akatoka gazetini. Ameketi sakafuni pamoja na watu asiowajua, kompyuta ile iko mbele ya miguu yake, na maelezo chini ya picha yanasema huo ni mtandao wa wezi uliokuwa ukiwasumbua wananchi kwa muda mrefu. Asubuhi ile ile wateja wakaanza kufika kibandani kuchukua simu zao. Hawakupiga kelele, hawakutukana mtu. Walipanga foleni tu. Dada yangu, ambaye simu yake mwenyewe hajui kuizima, alikalia kigoda cha mwanawe akawa anasoma plasta moja baada ya nyingine: Mama Rehema, Mwalimu, Nokia ya Babu, Yule wa Samaki. Kufikia adhuhuri droo ilikuwa tupu. Wateja wawili waliondoka na simu zisizo zao, na hilo nalo likaja kuhesabiwa kuwa wizi wa mpwa wangu.

Alikaa ndani siku tisa, akaachiwa. Hakufikishwa mahakamani, hakusomewa shtaka, hakupewa karatasi yoyote ya kumwonyesha mtu. Dada akalikunja lile gazeti, akaenda nalo mpaka ofisini kwao. Aliyempokea alikuwa kijana mpole, dada mwenyewe anakiri, alimpa kiti na maji ya kunywa.

"Mama, sisi tumeandika alichosema afande."

"Na sasa ameachiwa."

"Basi afande akitoa taarifa ya kuachiwa, tutaandika."

Mhariri, wewe uko kwenye kazi hii. Umewahi kualikwa kwenye mkutano na waandishi wa habari ulioitishwa kutangaza watu walioachiwa?

Miezi kadhaa baadaye dada yumo ndani ya daladala, akanunua karanga za shilingi mia mbili kwa kijana wa dirishani. Ana tabia, akimaliza, ya kuikunjua karatasi asome kilichoandikwa. Sote tulilelewa na baba aliyesoma hata karatasi za kufungia sukari. Akaikunjua. Anasema aliitambua kwanza shati, yenye mistari ya kijani, aliyoipiga pasi mwenyewe. Uso ulikuwa umejaa chumvi.

Sasa nikueleze ninayoyaona huku. Mahakama ya jinai ya Hamburg iko Sievekingplatz. Kesi ikiwa na mvuto, wapiga picha huruhusiwa kuingia ukumbini dakika chache kabla haijaanza. Mshtakiwa huingia akiwa ameficha uso nyuma ya faili la karatasi ngumu, aghalabu amepewa na wakili wake. Majaji wakishaketi na kesi ikafunguliwa, kamera zote nje. Sheria tangu miaka ya 1960 inakataza kupiga filamu au kurekodi sauti kesi ikiendelea. Kesho yake gazeti huweka picha ya faili. Juu ya faili nywele, pembeni vidole, na kama faili liliteleza, uso hutiwa ukungu. Jina huandikwa Thomas M., miaka 34. Mwanzoni nilidhani M. ndiyo jina.

Siku moja nami niliingia pichani, maana mkalimani hukaa ubavuni mwa mshtakiwa amnong'oneze. Gazeti, kwa adabu zake, likatutia ukungu sote wawili. Mtandio wangu wa zambarau haukutiwa. Picha ikaingia mtandaoni, ikafika nyumbani, na saa nane usiku nikapigiwa simu na shangazi yangu.

"Zuhura, umefanya nini huko nchi za watu?"

"Sikufanya kitu, Shangazi. Niko kazini."

"Mbona wamekuziba uso?"

Kwa shangazi, anayezibwa uso ni maiti, au mtoto aliyedhulumiwa, au mtu aliyetenda jambo lisilosemeka. Asiye na kosa afichwe ya nini? Nilimweleza nusu saa nzima kwamba huku ukungu ni heshima. Akanijibu: "Haya, kama unasema." Bado naamini hakushawishika, na sikuwa na hakika kuwa amekosea. Uso ule ule, ukungu ule ule, Mjerumani anasoma "huyu hajahukumiwa", shangazi anasoma "huyu ana aibu".

Wajerumani hawakuzaliwa na adabu hii. Wana Baraza la Habari tangu 1956, na kanuni zake za maadili ziliandikwa 1973. Zinasema jina na sura ya mtuhumiwa visitolewe ila pale haki ya umma ya kujua inapoizidi haki ya mtu kuachwa na maisha yake. Mwaka huo huo wa 1973 Mahakama yao ya Katiba ilitoa hukumu ambayo mawakili hapa wanaitaja kama sisi tunavyotaja methali. Mwaka 1969 wanajeshi wanne waliuawa kwenye ghala la risasi huko Lebach. Watu watatu walifungwa, wawili maisha, na wa tatu, aliyesaidia tu, miaka sita. Alipokaribia kutoka, televisheni ya ZDF ilikuwa imetengeneza filamu ya mkasa ule, yenye jina lake na sura yake. Akaenda mahakamani, filamu ikazuiwa. Majaji walisema mtu aliyetumikia kifungo ana haki ya kurudi kuishi na watu, na hatarudi ikiwa taifa zima limetazama uso wake sebuleni wiki aliyofunguliwa mlango. Huyo, Mhariri, alikuwa amepatikana na hatia. Mpwa wangu hata shtaka hakusomewa.

Usidhani nakuuzia pepo. Baraza lile halina rungu, lina karipio tu, na gazeti la Bild limekaripiwa mara nyingi kuliko mengine yote na bado linauzwa kila kona. Mwaka 2010 mtangazaji maarufu wa hali ya hewa, Jörg Kachelmann, alikamatwa akituhumiwa kubaka, na magazeti yalimla mzima mzima, jina, picha, hadi barua za mapenzi. Mwaka 2011 mahakama ikamwachia huru. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Köln iliamuru kampuni inayochapisha Bild imlipe euro 395,000. Pesa alipewa, kazi yake ya televisheni ndiyo hiyo tena.

Kisha lile la Thomas M. lina kasoro ambayo Wajerumani wenyewe hawaioni. Akina Thomas wako maelfu. Lakini ukiandika "Salum K., miaka 41, Mtanzania" katika mji ambao Watanzania tunajuana kwa karibu wote, tunakutana Idi na tunazika pamoja, umeficha nini? Habari ya namna hiyo ilitoka asubuhi moja; saa tano kundi letu la WhatsApp lilishamjua, saa saba lilishamhukumu. Kanuni yao hapo zamani ilikataza kutaja asili ya mtuhumiwa pasipo sababu inayoelekeana na kosa. Baada ya vurugu za usiku wa mwaka mpya kule Köln, wa kuingia 2016, wananchi walilalamika kwamba magazeti yanaficha, na mwaka 2017 kanuni ikaandikwa upya: taja pale umma una sababu ya msingi ya kujua. Gazeti moja la Dresden, Sächsische Zeitung, lilikuwa limeshaamua mwaka mmoja kabla kutaja uraia wa kila mtuhumiwa, hata akiwa Mjerumani. Mimi naliona hilo lina akili. Ukiamua kutaja, taja wote.

Na wana tabia nyingine inayonichekesha. Mwanasiasa wa Ujerumani akihojiwa na gazeti kwa maswali na majibu, hupelekewa mahojiano ayapitie kabla hayajachapwa, naye huondoa anachojutia. Hakuna sheria inayolazimisha, ni mazoea. Mwaka 2003 gazeti la taz lilichoka, likachapa mahojiano na Olaf Scholz, wakati huo katibu mkuu wa chama cha SPD, majibu yake yote yamepakwa wino mweusi, yamebaki maswali tu. Ndiye huyo aliyekuja kuwa meya wetu hapa Hamburg, kisha Kansela. New York Times mwaka 2012 waliwakataza waandishi wao kabisa kumpelekea msemaji nukuu zake azipitishe. Kwa hiyo Mjerumani anamhurumia mtuhumiwa na mkubwa kwa pamoja, Mmarekani hamhurumii yeyote kati ya hao wawili.

Mei 2011 tulikuwa kantini ya mahakama, wakalimani wa lugha mbalimbali meza moja, televisheni inamwonyesha Dominique Strauss-Kahn, mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, anatolewa kituo cha polisi New York, mikono nyuma, pingu, ndevu hazijanyolewa. Mwenzangu wa Kifaransa aliweka kijiko chini. Kwao, sheria ya mwaka 2000 inakataza kumwonyesha mtu ambaye hajahukumiwa akiwa na pingu. Kwa Wamarekani, kumtembeza mtuhumiwa mbele ya kamera ni desturi, awe tajiri awe kibaka, na wanaona huo ndio usawa wenyewe. Lakini subiri. Mwanamke aliyemshtaki, mfanyakazi wa hoteli kutoka Guinea, magazeti ya Marekani yalilificha jina lake. Ni vyombo vya Ufaransa vilivyoharakisha kulitoa. Waliokasirika kwa ajili ya pingu za mkubwa hawakuona shida kumwanika mhudumu. Mashtaka ya jinai yalifutwa Agosti mwaka huo huo.

Mezani pale mwenzetu wa Kijapani alikuwa akisikiliza tu. Mwisho akasema kwao televisheni huonyesha uso lakini huziba pingu. Vifundo vya mikono tu ndivyo vinatiwa ukungu. Akaongeza jambo nililolipenda kuliko yote. Zamani, mtu akikamatwa Japani, magazeti yalimwondolea ile "san" ya heshima, jina likabaki tupu kama la mhalifu. Miaka ya 1980 wakaanza kubadili: baada ya jina wakaweka neno lenye maana ya mtuhumiwa, likae pale ilipokuwa heshima.

Nikakumbuka magazeti yetu ya utotoni mwangu, ambayo kila mtu alikuwa Ndugu. Ndugu Rais, Ndugu Meneja, Ndugu Mwenyekiti wa kijiji. Akikamatwa tu, Undugu unakwisha mstari wa kwanza. Leo hata Ndugu imepungua, ila mtindo umebaki: kiongozi anasema, anafafanua, anabainisha, fundi simu ananaswa, anadakwa, anatiwa mbaroni. Wakenya wanamwita mshukiwa, sisi mtuhumiwa, na yote mawili ni maneno mazuri yenye subira ndani yake. Tatizo hayatoshi kwenye kichwa cha habari. "Jambazi" ni herufi saba, "mtuhumiwa" ni tisa. Najua mnahesabu nafasi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya barua hii niiandike mara tatu na kuichana mara mbili.

Barua ya kwanza ilisema: acheni kabisa, fanyeni kama Wajerumani, jina moja na herufi moja, uso ukungu. Nikampigia dada nimsomee. Akanyamaza, kisha akasema: "Mdogo wangu, umesahau nilivyojua mwanangu yuko wapi?"

Nilikuwa nimesahau. Mpwa wangu alichukuliwa jioni, kibanda kikiwa wazi. Dada alizunguka siku tatu. Alikwenda vituo vya polisi, akaambiwa hayupo. Alikwenda hospitali, akaenda chumba cha maiti akafunuliwa shuka mbili. Siku ya nne jirani akamletea gazeti. Dada anasema alipoiona picha ile alilia kwa furaha kwanza, akambusu jirani. Mwanawe yu hai, na gazeti limetaja kituo. Aibu ilikuja baadaye, na wateja wa kwanza.

Nikaichana barua. Maana huku gazeti linaweza kunyamaza kwa kuwa kuna wengine wasioruhusiwa kunyamaza. Katiba ya Ujerumani ya 1949, ibara ya 104, inaamuru aliyekamatwa kwa tuhuma afikishwe mbele ya jaji kabla siku inayofuata haijaisha, na jaji akiamua abaki ndani, ndugu yake au mtu anayemwamini ataarifiwe mara moja. Ibara hiyo iliandikwa na watu walioshuhudia majirani wakichukuliwa usiku. Wamarekani nao wana hofu ya kesi za siri, ndiyo sababu kwao habari za kukamatwa kwa kawaida ziko wazi kwa kila mtu, na katika majimbo mengi hata picha ya polisi. Sisi ambao Azory Gwanda, mwandishi, alichukuliwa Kibiti Novemba 2017 na hadi leo hajarudi nyumbani, siwezi kukaa Hamburg nikawaambia msitaje majina ya waliokamatwa. Kuna mama anazunguka sasa hivi.

Kwa hiyo naomba jina litajwe. Taja jina, taja kituo, taja tarehe aliyokamatwa, hata saa mkiijua, na siku zikipita bila kufikishwa mahakamani, zihesabu ukurasani. Uso uacheni. Mama hahitaji picha kumjua mwanawe, ana jina na ana mtaa. Picha ile ya sakafuni inamsaidia nani? Anayepanga vijana wale na kuzipanga zile televisheni mbele yao kama meza ya mnada ni mpiga picha wenu au ni afande? Katiba yetu, ibara ya 13, inasema ni marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kuwa anayo hatia. Kukalishwa chini na kupigwa picha na panga sijui kunaitwaje kama si kutendewa.

Na mwisho wa kesi uandikwe. Hapa najua mtanijibu, kwa sababu nilishajibiwa. Nilipokuja likizo nilikutana na kijana mmoja mwandishi wa kujitegemea, nikamwuliza kwa nini hamfuatilii. Akanieleza bila kuficha. Analipwa kwa stori, na stori hailipwi mpaka itoke. Mkutano wa afande unampa stori saa nne asubuhi, picha tayari, majina tayari, na wakati mwingine nauli. Kesi inasomwa leo, inaahirishwa wiki mbili, inaahirishwa tena, hakimu yuko likizo, shahidi hajaja, mwaka unakatika. "Shangazi, nauli ya kwenda mahakamani mara kumi na nne natoa mfukoni, na mwisho wake mtu kaachiwa. Mhariri ataniuliza, stori iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Waandishi wa mahakamani ninaokaa nao huku wana mshahara, dawati na kadi ya treni. Subira yao inalipiwa.

Ila kuna watu wenye pesa kuliko nyinyi waliokiri hawawezi. Shirika la habari la Associated Press, Juni 2021, lilitangaza kwamba habari za makosa madogo halitataja tena jina la mtuhumiwa, kwa kuwa aghalabu haliifuati kesi hadi mwisho, na jina hubaki mtandaoni milele. Wamesema ukweli wao. Nasi tuseme wetu: kwa kila jina mlilolichapa wekeni daftari kwenye dawati la habari, jina, kituo, tarehe, na nafasi tupu pembeni. Akija mama na gazeti lililokunjwa, asiambiwe afande hajasema. Afunguliwe daftari, mtu apige simu mahakamani au kituoni, na kilichopatikana kichapwe ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile. Huku sheria za magazeti zinampa aliyeandikwa haki ya kujibu katika sehemu ile ile ya gazeti na kwa herufi za aina ile ile; nimeona jibu la namna hiyo likikalia ukurasa wa mbele, kubwa, baya, linawakera wasomaji, na mhariri hana la kufanya. Nyumbani Baraza la Habari Tanzania lipo tangu 1995 na linapokea malalamiko, lakini dada yangu alilisikia kwangu mimi, tena miaka imeshapita. Mstari mmoja chini ya kila habari ya polisi, wa kumwambia msomaji pa kulalamikia, utagharimu nafasi ya tangazo la nusu kidole.

Mpwa wangu alihama mji. Bado anatengeneza simu, ila haweki plasta tena. Kila anayeleta kitu anampiga picha, yeye na kitu chake, pamoja na kitambulisho. Wateja wengine wanachukia, wanaondoka.

Ukiichapa barua hii naomba uniandike kama nilivyojiandika hapa chini. Mtaani kwetu jina la baba yetu likionekana tu watajua ni mpwa yupi. Na picha yangu msiweke. Mkiweka ya wazi, dada atatambulika. Mkiweka ya ukungu, nitapigiwa simu saa nane usiku.

Zuhura M.,
Altona, Hamburg